Nimeshtaki Mara Moja, Mbona Jina Langu Liko Katika Kesi Mbili?

“Wakili, mimi nimeshtaki mara moja tu. Huyu mwingine mwenye jina langu ni nani?”

Aliyeniuliza hivyo ni mama mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Busia, Uganda. Alifika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria na mfuko wa nailoni uliojaa karatasi: risiti za gereji, hukumu ya hakimu yenye muhuri, na hati mpya ya madai ambayo jina lake limeandikwa juu kabisa kama mdai. Hati hiyo hakuwahi kuiona.

Pikapu yake iligongwa na lori karibu na Iganga. Ilikuwa na bima kubwa. Matengenezo yalifika shilingi milioni 18, na kampuni ya bima ikalipa zote isipokuwa 900,000, ile sehemu ya hasara ambayo mkataba unamtaka mwenye gari aibebe mwenyewe. Mama hakukubali kuipoteza. Akamshtaki mwenye lori, akashinda, akalipwa. Miezi michache baadaye kampuni ikamshtaki mwenye lori yuleyule ikidai milioni 17 na ushei. Wakili wa mwenye lori akaweka pingamizi la awali: shauri hili limekwisha kuamuliwa.

Je, hukumu ya laki tisa inaweza kuizuia kampuni iliyotoa milioni 17? Wengi hujibu haraka kwamba haiwezi, kwa sababu kampuni haikuwemo katika kesi ya kwanza. Jibu hilo limewaingiza watu hasarani, na ndiyo sababu ya makala haya.

Kampuni ya bima ikishalipa fidia, haki inayoipata dhidi ya aliyesababisha ajali si haki mpya. Ni haki ya mteja wake, na kampuni inakaa katika nafasi yake. Ndiyo maana hushtaki kwa jina la mteja, na ndiyo maana mama alilikuta jina lake katika hati asiyoitunga. Kampuni inapokea kile tu ambacho mteja bado anacho. Kama mteja amekwisha kuitumia haki hiyo yote, hakuna cha kupokea.

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya Uganda kinaikataza mahakama kusikiliza suala la msingi lililokwisha kusikilizwa na kuamuliwa kwa mwisho na mahakama yenye uwezo, kati ya wahusika walewale au kati ya watu ambao wahusika wa sasa wanadai kupitia kwao. Ukimsikia wakili akitamka res judicata, ndiyo hiyo. Maneno “kupitia kwao” ndiyo yanayoigusa bima, kwani kampuni inadai kupitia kwa mama.

Kifungu hicho kinaongeza kwamba jambo ambalo lingeweza na lilipaswa kuletwa katika kesi ya kwanza huhesabiwa kuwa lililetwa. Tena Amri ya 2, kanuni ya 2, ya Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai inamtaka mdai alete dai lake lote kwa pamoja. Akiacha sehemu, hawezi kuirudia baadaye. Uzembe ni mmoja, ajali ni moja, pikapu ni moja. Laki tisa na milioni 17 ni vipande vya dai lilelile.

Mwaka 1971 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi ambayo mhusika mmoja alikuwa kampuni ya bima, iliweka kipimo ambacho mahakama zetu bado hukitumia: je, mdai analeta kwa njia nyingine, kwa sura ya dai jipya, jambo ambalo lilikwisha kupelekwa mahakamani na kuamuliwa? Uingereza nako, mwaka 1984, mwenye gari alishtaki kwa ile sehemu ndogo ambayo bima haikuilipa, kisha bima ikashtaki kwa iliyobaki. Kesi ya pili ikafutwa. Kilichoiokoa bima ile ni kwamba kesi ya kwanza ilikuwa imesimamishwa bila hukumu, hivyo ingeweza kufufuliwa na dai kuongezwa. Mama wetu alikuwa na hukumu mkononi. Nilimwambia wazi kwamba pingamizi lile lina nguvu.

Si kila hukumu ya awali inazuia. Dereva aliyetozwa faini kwa kosa la barabarani bado anaweza kudaiwa fidia, maana ile ilikuwa kesi ya jinai. Kesi iliyoondolewa kabla ya kusikilizwa haikuamuliwa. Kampuni ikigombana na mteja wake juu ya masharti ya mkataba wa bima, hilo ni suala tofauti na la nani alisababisha ajali. Uwezo wa mahakama nao una uzito: Hakimu wa Daraja la Kwanza anaishia shilingi milioni 20, kwa hiyo dai la milioni 80 linaweza kuzua hoja kama hukumu yake inatosha kuzuia. Ila hata hapo, kanuni ya kutogawa dai inabaki.

Kuna pia madai ya majeraha. Mwaka 1884 mahakama ya rufaa ya Uingereza ilisema kuumia mwili na kuharibika kwa gari ni madai mawili tofauti, ingawa jaji mmoja alipinga. Mawakili huitaja sana. Mimi simshauri mtu aitegemee, kwa kuwa kipimo cha 1971 kinaangalia tukio zima.

Kinachonisumbua zaidi ni kitakachompata mama. Mteja aliyeharibu haki ya bima yake kwa kushtaki kimyakimya, au kwa kutia sahihi mapatano kando ya barabara kwamba “tumemalizana”, anaweza kudaiwa na kampuni yake hasara hiyo. Hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyemweleza, na mkataba wake uliandikwa kwa Kiingereza asichokisoma.

Kwa hiyo, kabla hujashtaki kwa kiasi kilichobaki, iandikie kampuni yako ya bima na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Waombe madai yote mawili yaende katika kesi moja. Usikae sana: madai ya uharibifu wa mali yana miaka 6, ya majeraha yatokanayo na uzembe miaka 3.

Na kama hukumu imekwisha kutoka, nenda masjala ya mahakama uombe nakala ya hati ya madai pamoja na ya hukumu. Mama alikuwa na hukumu peke yake, kurasa mbili zinazotaja kiasi na gharama tu. Jaji atataka kuona ni nini hasa kilichoombwa siku ile, na hilo liko katika hati ya madai. Jumatatu tulimwandikia barua ya kuiomba.