Jogoo ni kishingo, mbona vifaranga wengine wana manyoya?

Wafugaji wengi wa Pongwe na Mabokweni, hapa Tanga, huniuliza swali hilohilo kuhusu kishingo, yaani kuku asiye na manyoya shingoni: "Bwana mifugo, jogoo wangu ni kishingo, mbona nusu ya vifaranga wametoka na manyoya shingoni?" Wengine huwa wameshamtia hatiani jogoo wa jirani. Mara nyingi jirani hana kosa, jibu liko kwenye shingo ya jogoo mwenyewe.

Mshike, mwinue kichwa, utazame shingo kwa mbele, juu kidogo ya gole. Ukikuta kishada cha manyoya kimebaki pale, huyo ana nakala moja tu ya jeni (agizo la urithi) ya kishingo, ya pili ni ya kawaida. Shingo ikiwa tupu, au ina vinyoya vichache vya kuhesabika, ana nakala mbili. Kila mzazi humpa kifaranga nakala moja kati ya mbili zake, bila kuchagua. Basi jogoo mwenye kishada akipanda matetea ya kawaida, takribani nusu ya vifaranga ni vishingo. Asiye na kishada atatoa vishingo tu, wote na vishada vyao. Wenye kishada wakipandana wao kwa wao, tarajia robo shingo tupu, nusu wenye kishada, robo manyoya kamili. Hayo ni makadirio ya vifaranga wengi. Kwa mayai kumi ya tetea mmoja usishangae hesabu ikipinda.

Wazazi wote wawili wakiwa na manyoya kamili, hawazai kishingo, kwa sababu nakala moja inatosha kuonekana. Hapo sasa mshuku jirani, hata kama jogoo wake alishachinjwa wiki iliyopita! Tetea huhifadhi mbegu mwilini, na anaweza kutaga mayai yenye mbegu wiki mbili baada ya kupandwa.

Mwaka 2011 watafiti walieleza chanzo cha ukishingo: kipande cha kromosomu (uzi unaobeba jeni) ya 1 kimejipachika kwenye kromosomu ya 3, karibu na jeni ya protini iitwayo BMP12. Protini hiyo ikizidi, manyoya hayachipui. Shingo ndiyo huathirika zaidi kwa kuwa ngozi yake hutengeneza asidi ya retinoiki, jamaa ya vitamini A, inayoongeza nguvu ya BMP12. Mwenye nakala mbili hupungukiwa na karibu asilimia 40 ya manyoya ya mwili mzima. Kwa joto la Tanga la mwezi wa pili hiyo ni nafuu kubwa: mwili unapoa upesi na kuku anaendelea kula.

Kidimu, kuku wa manyoya yaliyopinda, naye ana mambo yake. Nakala moja ya jeni yake hupinda manyoya; mbili huyafanya yakatike hovyo mpaka kuku abaki karibu uchi. Kidimu kwa kidimu usiwapandishe.

Watu hudhani damu za wazazi huchanganyika kama chai na maziwa. Mtafiti Gregor Mendel alionyesha kwa njegere, mwaka 1866, kwamba sivyo, na mwaka 1902 William Bateson akalithibitisha kwa panga za vichwani mwa kuku. Uzito na wingi wa mayai ni habari nyingine: hapo jeni ni nyingi, na chakula na maradhi navyo vina kauli.

Binadamu tuna mfano mzito zaidi, selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwenye nakala moja, yaani AS (A ni ya kawaida, S ni ya selimundu), kwa kawaida haugui, tena hukingwa dhidi ya malaria kali, kama Anthony Allison alivyoonyesha mwaka 1954 kwa utafiti wa Afrika Mashariki. Ndiyo maana jeni hiyo imedumu kwenye sehemu za malaria kama pwani yetu. Mwenye mbili, SS, ndiye anayeugua. Baba na mama wakiwa wote AS, uwezekano wa kupata mtoto SS ni asilimia 25. Nimewasikia wazazi wakijipa moyo kwamba mmoja akishazaliwa na ugonjwa, watatu wanaofuata watakuwa wazima. Jeni haziendi kwa zamu. Ujauzito wa pili, wa tatu na wa nne, kila mmoja una asilimia 25 ileile.