Kona ya kusomea mtandaoni ya mtoto mwenye ADHD: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Anahitaji chumba chake, mlango ufungwe.

Chumba hicho ndicho mara nyingi kinachomwangusha. Mtoto mwenye ADHD, yaani hali inayomfanya apate shida ya kukaza umakini na kutulia, kwa kawaida anajua anachotakiwa kufanya. Kinachomshinda ni kuanza, kisha kuendelea. Akiwa peke yake na kompyuta, akili ikishahama hakuna wa kumrudisha. Pembe ya meza ya kulia inatosha, mradi kuna mtu mzima karibu anayechambua mchele au kufanya hesabu zake. Kiti kigeuzwe ili TV na mlango viwe mgongoni mwake, ukuta uwe mbele.

Dhana: Hawezi kusikiliza mpaka atulie.

Hii ndiyo inayovunja amani ya nyumba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha mwaka 2015 matokeo ya jaribio ambalo watoto walivalishwa kipima mwendo kwenye kifundo cha mguu huku wakijibu maswali ya umakini. Wenye ADHD walipopatia majibu, ndipo walipokuwa wakijitikisa kwa nguvu zaidi. Kumwambia "kaa vizuri" kila dakika ni kumpa kazi ya pili juu ya somo.

Mpe njia ya kujitikisa isiyosumbua darasa. Funga kipande cha tyubu ya baiskeli kati ya miguu miwili ya mbele ya kiti, asukume kwa nyayo apendavyo. Hakina kelele, na kamera haikioni. Au weka kompyuta juu ya kabati fupi, asome amesimama. Hakuna sheria inayosema hesabu lazima zifanywe kwa makalio.

Dhana: Kona ipambwe ili imvutie.

Mwaka 2014 watafiti wa Carnegie Mellon, Marekani, waliwafundisha watoto wa chekechea katika chumba kilichojaa mapambo, kisha katika kile kile kikiwa kitupu. Kwenye mapambo walipatia asilimia 42 ya maswali, kwenye kuta tupu asilimia 55. Na hao hawakuchaguliwa kwa kuwa na ADHD!

Ila usifiche kila kitu. Kwa mtoto huyu kisichoonekana kimeshasahaulika, kwa hiyo daftari la somo la sasa likae mezani wazi, mengine kwenye kapu lenye kifuniko. Saa iwe ya mishale: aone muda ukipungua, maana "bado dakika kumi" kwake ni maneno tu.

Dhana: Kimya kabisa.

Si kwa wote. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa kelele ya mfululizo isiyo na maneno iliwasaidia watoto wenye ADHD kukumbuka, lakini iliwaharibia wasio nayo. Jaribu kuwasha feni. Redio yenye watangazaji haimo.

Dhana: Asipotulia mbele ya skrini, basi ana ADHD.

DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili, unataka dalili kadhaa ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, tena katika mazingira zaidi ya mamoja. Kama mwalimu wa darasani hajawahi kulalamika na shida ilianza na masomo ya mtandaoni, anza kukagua usingizi wake, macho yake na intaneti inayokatika katikati ya sentensi.