Joto la Tanga si jua la kobe

Wiki iliyopita nimeambiwa tena kwamba joto la Tanga linamtosha kobe. Mama mmoja wa Makorora kaja na mwanawe, kobe yumo ndani ya kapu la ukindu lililofungwa nyuma ya baiskeli. Nikamtoa, nikamweka sakafuni. Kobe mzima ukimweka chini hujiinua kwa miguu minne, tumbo likaachana na ardhi, kisha anaondoka. Huyu alilala vilevile, akawa anavuta miguu ubavuni kama anayepiga makasia. Nikabonyeza gamba kwa kidole gumba, pembeni mwa mgongo. Likaingia ndani, nilipoachia likarudi taratibu, kama kifuniko cha kopo la plastiki. Kobe wa miaka minne.

"Anakaa wapi, mama?"

"Chini ya ngazi, dokta, ndani ya boksi. Pana joto pale, mchana hata sisi hatukai."

"Na jua?"

Akanitazama kana kwamba namuuliza iwapo bahari ina chumvi. "Dokta, Tanga hii! Jua gani tena unalitaka?"

Hilo ndilo jibu ninalopewa kila mara, na limeshaua kobe wengi mikononi mwangu. Leo naliandika lote.

Kwanza la sheria, kwa kifupi. Kobe wa nchi kavu, awe wa madoadoa au yule bapa wa mawe, ni mnyamapori. Kumfuga kunataka kibali chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Kobe bapa tangu 2019 yumo katika orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na biashara yake ya kimataifa imefungwa. Kwa hiyo usimwokote barabarani, usimnunue kwa kijana wa gunia. Na uliye naye usikimbilie kumtupa porini ukishasoma hapa, kwa sababu anaweza kuwapelekea wenzake maradhi ya nyumbani kwako. Nenda kaulize maofisa wa wanyamapori.

Sasa jua. Joto ni kitu kimoja, mwanga ni kitu kingine, na ndani ya mwanga wa jua mna miale tusiyoiona, ya urujuanimno. Sehemu yake iitwayo UVB, takribani nanomita 290 hadi 315, ikipiga ngozi ya shingo na miguu ya kobe hugeuza aina fulani ya mafuta yaliyomo humo kuwa chanzo cha vitamini D. Joto la mwili linakamilisha hatua inayofuata, ini na figo zinamalizia. Bila vitamini hiyo utumbo hauwezi kufyonza kalsiamu ya kutosha. Damu nayo haingoji: ikikosa kalsiamu inaichota kwenye mifupa. Na gamba la kobe ni mfupa, tena limeungana na mbavu na uti wa mgongo. Ndiyo maana linabonyea. Ni matege yaleyale ya watoto, ila huyu anayavaa mgongoni.

Kenge anayekula mayai na panya mzima angalau anaokota vitamini D kidogo katika chakula. Kobe anakula nyasi. Kwake mlango ni ngozi, na ufunguo ni mwale. Chumba cha nyuzi 34 chenye bati juu na ukuta pande zote ni giza tu kwa mifupa yake.

Hapo watu hunijibu, "Basi nitamweka dirishani." Kioo cha dirisha kinazuia UVB karibu yote. Kobe atapata joto, atafumba macho kwa raha, nawe utaridhika, na mifupa itaendelea kuliwa. Taa ya njano ya kawaida hivyohivyo: inapasha, haitoi mwale huo. Ziko taa maalumu, lakini nazo huchoka. Ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili nyingi zinakuwa zimepoteza nguvu ya UVB huku macho yako yanaiona taa ileile, nyeupe, inawaka. Mtu wa Tanga mwenye ua wa nyuma hana sababu ya kununua taa.

Linaloniudhi zaidi ni lile la "jua la saa moja asubuhi ndilo lenye vitamini." Sijui tumelitoa wapi, lakini kila nyumba inalo. Saa moja jua liko chini, miale inapita kwenye hewa kwa mlalo, safari ndefu, na UVB nyingi inapotelea njiani. Kobe anapashwa mwili tu, jambo ambalo analihitaji, ila sio dawa unayodhani umempa. Simama nje utazame kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, UVB ni haba. Kikianza kuwa kifupi kuliko urefu wako, hapo ndipo inapokuja ya maana, na kwetu huku ni kuanzia kama saa tatu na nusu. Mama anayemtoa kobe saa moja na kumrudisha ndani saa mbili, kila siku, kwa uaminifu, amefanya kazi kubwa bila malipo. Inaniuma kumwambia.

Lakini usinielewe vibaya ukaenda kumfunga juani saa saba mchana. Kobe asiye na pa kukimbilia anapikika ndani ya gamba lake. Nimeletewa wa Raskazone akitoka povu mdomoni, kaachwa juu ya zege, na hatukumwahi. Tena si kila kivuli ni kimoja. Chini ya mwembe au mkorosho anga bado linaonekana kupitia matawi, na sehemu kubwa ya UVB haiji moja kwa moja kutoka kwenye jua, inatawanywa na anga lote. Kobe aliye kwenye kivuli cha mti anaendelea kupata kiasi. Aliye chini ya bati, ndani ya kuta, hapati kitu. Kwa hiyo ua wake uwe na vyote viwili, jua la wazi na kivuli cha majani, na umwachie achague mwenyewe kutwa nzima. Anajua kupima kuliko mimi na wewe.

Ua wenyewe hauna mambo mengi. Ardhi ya udongo au mchanga, si saruji wala marumaru. Nyasi za ukoka zikiwepo ni bora. Ukuta mfupi wa matofali usiopenyeza macho, maana kobe akiona upande wa pili ataparuza pua kwenye wavu mpaka itoke damu. Kibanda kikavu cha kulala, kilichoinuliwa, kwa sababu masika ya Tanga yanajaza ua kwa usiku mmoja. Sahani pana isiyo na kina ya maji, kila siku. Ndiyo, kobe anakunywa. Akikojoa ukimnyanyua, ameitupa akiba yake ya maji, kwa hiyo mpunguzieni kumbebabeba. Na watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wamshikapo, salmonela, bakteria ya kuharisha, haina urafiki.

Chakula: nyasi, magugu, matembele, jani la mpungate lililotolewa miiba. Mchicha mara mojamoja tu, una oksaleti inayoikamata kalsiamu kabla haijafyonzwa. Embe na papai zinamharisha. Wali, ugali na mkate, hapana. Kalsiamu tunayo bure ufukweni: ule mfupa mweupe, mwepesi, wa dome, yule wa jamii ya ngisi. Uloweke, uukaushe, uukwangue juu ya majani. Ila bila jua, sehemu kubwa ya unga huo itatoka na kinyesi.

Na tafadhali, msitoboe ukingo wa gamba ili kufunga kamba. Ukingo ule ni mfupa hai, una mishipa ya damu na ya fahamu. Anapojikunyata mnapotoboa, anaumia.

Kuna nisichokuwa na uhakika nacho. Vile vilima vinavyoota juu ya gamba, tulifundishwa ni protini iliyozidi. Mwaka 2003 likachapishwa jaribio la watafiti wa Vienna juu ya kobe wakubwa wa Sahel, likaonyesha ukavu wa hewa una uzito zaidi. Sasa Tanga ina unyevu mpaka chumvi inaloa kwenye kopo, mbona vilima naviona? Nashuku sakafu za marumaru na feni, lakini ni shaka tu. Na sindano ya vitamini D: ikizidi inaweka kalsiamu kwenye figo na mishipa. Nimewahi kuchoma, kobe akapona, nisijue kilichomponya ni sindano au ua niliomlazimisha mwenyewe amtengenezee.

Huyu wa Makorora sikumchoma. Nilimpa kalsiamu ya maji, nikamchorea mama ua kwenye karatasi, mti uko wapi, sahani iko wapi. Jana mwanawe kaniletea picha kwenye simu. Kobe yuko chini ya mpera, shingo kainyoosha nje yote, miguu ya nyuma kaitandaza juani. Bado anakokota tumbo.