Je, wajua kwa nini Wakristo wa kale walikatazwa kupiga magoti Jumapili?

Mwaka 325 maaskofu walikutana Nikea, mji ambao leo uko Uturuki na unaitwa Iznik. Mkutano ule unakumbukwa kwa sababu ya kanuni ya imani ambayo bado inakaririwa katika misa na ibada zetu. Wachache wanajua kwamba maaskofu haohao walitunga pia sheria 20 za nidhamu ya kanisa, na kwamba ya mwisho kabisa inahusu magoti. Inasema kuna watu wanaopiga magoti Siku ya Bwana na katika siku za Pentekoste, yaani tangu Pasaka hadi Pentekoste, na ili mambo yafanane kila mahali, sala za siku hizo ziombwe watu wakiwa wamesimama.

Kwa sisi tuliolelewa kuamini kwamba sala ya kweli ni ya magotini, hili linashangaza. Wengi wetu tulifinywa na bibi kanisani kwa kosa la kubaki wima wakati wengine wameshashuka.

Sheria yenyewe haitoi sababu zaidi ya kutaka watu wafanane. Sababu ilikuwa ya zamani kuliko mkutano. Zaidi ya miaka 100 kabla ya Nikea, mwandishi wa Kikristo Tertullian wa Carthage, Afrika ya Kaskazini, aliandika kwamba kwao kufunga au kupiga magoti Siku ya Bwana lilikuwa jambo lisiloruhusiwa, na kwamba uhuru huohuo waliufurahia tangu Pasaka hadi Pentekoste. Basili, askofu wa Kaisaria huko Kapadokia, aliyeandika miongo michache baada ya Nikea, anafafanua: tunasimama siku ya kwanza ya juma kwa kuwa tumefufuka pamoja na Kristo. Kisha anaongeza kwa masikitiko kidogo kwamba si wote wanaosimama wanaojua kwa nini. Kwa hiyo tatizo la waumini kufuata desturi bila kujua maana yake halikuanza na kizazi hiki.

Goti lilikuwa na siku zake. Lilikuwa tendo la toba, na siku nyingine za juma watu walilipiga bila kusita. Basili anasema kila tunapopiga magoti na kuinuka tunaonyesha kwa mwili kwamba dhambi ilituangusha chini na upendo wa Muumba umetuinua. Jumapili waliacha ile nusu ya kwanza, wakabaki na ya pili.

Mtu anayeijua Biblia yake anaweza kupinga. Katika Mathayo 28 wale wanawake waliotoka kaburini walipokutana na Yesu walimshika miguu wakamsujudia. Je, jibu la kwanza kabisa kwa ufufuo halikuwa kuanguka chini? Ndiyo, lilikuwa hilo. Lakini aya inayofuata tu wanaambiwa wasiogope, waende wakawaambie ndugu zake. Hawakuachwa pale chini kwa muda mrefu. Tukumbuke pia kwamba kusali kwa kusimama kulikuwa kawaida ya Wayahudi. Katika mfano wa Farisayo na mtoza ushuru, wote wawili wamesimama, mwenye majivuno na mwenye majuto. Wakristo waliichukua desturi iliyokuwepo wakaipa maana ya asubuhi ile.

Kusimama kulikuwa sehemu tu ya jambo pana zaidi. Kwa watu wale Pasaka haikuwa sikukuu ya mara moja kwa mwaka, ya nguo mpya na pilau. Ilirudi kila juma. Alama yake bado imo katika kalenda za makanisa ya Magharibi, ingawa wengi hawaioni. Hesabu siku kutoka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu: utapata 46, wala si 40. Toa Jumapili sita zilizomo humo ndipo utapata 40 za Kwaresima. Jumapili haihesabiwi kuwa siku ya kufunga hata katikati ya mfungo, kwa sababu ni siku ya ufufuo.

Tena, Jumapili hiyo ilikuwa siku ya kazi. Hili huwa gumu kulifikiria kwetu, tuliozoea ofisi kufungwa. Sheria ya Konstantino, mfalme wa Roma, ya kupumzika siku hiyo ilitoka mwaka 321, na hata hiyo iliwaruhusu wakulima kuendelea na mashamba yao. Kabla ya hapo, kwa karibu miaka 300, mtumwa, mfua chuma au mchuuzi wa Kikristo aliamka gizani, akaenda kusali, kisha akaenda kazini. Plinio, gavana wa Kirumi huko Bithinia, alimwandikia mfalme Trajano karibu mwaka 112 kwamba Wakristo aliowahoji walikuwa na kawaida ya kukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, kumwimbia Kristo kama mungu, kisha kutawanyika na kukutana tena baadaye kula chakula cha kawaida. Muuguzi wa zamu, mlinzi, dereva wa daladala au wa matatu anayehudhuria ibada ya saa kumi na mbili asubuhi kisha akakimbilia kazini, asione kama anaiibia Jumapili. Yuko karibu na wale wa kwanza kuliko sisi tunaofika saa nne tumeshashiba chai.

Walifanya nini wakishakusanyika? Maelezo bora tunayo kutoka kwa Yustino, mtetezi wa imani ya Kikristo aliyeandika mjini Roma katikati ya karne ya 2. Siku ya Jua, yaani Jumapili, anasema, wa mjini na wa mashambani hukutana mahali pamoja. Husomwa kumbukumbu za mitume au maandiko ya manabii kadiri muda unavyoruhusu. Kiongozi huhubiri. Kisha wote husimama pamoja na kusali. Huletwa mkate, na divai na maji. Kiongozi hushukuru, watu huitikia Amina, na mashemasi huwapelekea sehemu yao wale wasiokuwepo. Wenye uwezo hutoa wanachopenda, na kinachokusanywa huwekwa kwa kiongozi ili awasaidie yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Halafu anataja sababu ya kuchagua siku hiyo: ndiyo siku ya kwanza, Mungu alipoigeuza giza na kuumba ulimwengu, na ndiyo siku Yesu Kristo aliyofufuka.

Tazama orodha ile ya wanaosaidiwa. Hakuna ujenzi, hakuna vyombo vya muziki, hakuna gari la mchungaji. Ni kweli walikutana majumbani na hawakuwa na paa la kanisa la kuezeka, kwa hiyo si haki kulinganisha moja kwa moja. Hata hivyo ningependa kusikia, angalau Jumapili moja kwa mwezi, tangazo la mhasibu wa kanisa likianza na wafungwa.

Uhusiano huu wa ufufuo na mfuko wa fedha haukubuniwa na Yustino. Uko kwa Paulo. Sura ya 15 ya Wakorintho wa Kwanza ndiyo maelezo marefu kuliko yote ya Agano Jipya kuhusu ufufuo: mashahidi waliomwona Yesu, mbegu ipandwayo, tarumbeta ya mwisho, mauti kumezwa. Inafikia kilele, na mtu angetazamia wimbo. Badala yake Paulo anawaambia wazidi kutenda kazi ya Bwana, kwa kuwa "taabu yenu siyo bure katika Bwana". Kisha, bila kuvuta pumzi, anaingia kwenye mchango wa maskini wa Yerusalemu: siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke kitu kando kwa kadiri alivyofanikiwa. Barua yake haikuwa na namba za sura; zile ziliwekwa karne nyingi baadaye. Msikilizaji wa Korintho alitoka kwenye tarumbeta akaingia kwenye harambee katika usomaji mmoja.

Sababu si ngumu kuiona. Kama mwili utafufuliwa, basi mwili una thamani sasa hivi: njaa yake, vidonda vyake, hata ukiwa umekufa. Dini iliyofundisha kwamba roho hutoroka kutoka gereza la mwili isingekuwa na haja ya kuhangaika na maiti ya maskini. Wakristo walihangaika. Aristide wa Athene, aliyeandika utetezi wa imani katika karne hiyohiyo ya 2, anasema maskini wao akifariki, yeyote aliyemwona hushughulikia maziko yake kwa kadiri ya uwezo.

Ushahidi wenye uzito zaidi unatoka Misri. Katikati ya karne ya 3 tauni iliikumba dola ya Roma na kuua watu wengi. Dionisio, askofu wa Aleksandria, aliandika habari zake katika barua aliyoitunga kwa ajili ya sikukuu ya Pasaka. Anaeleza jinsi ndugu walivyowahudumia wagonjwa bila kujihurumia, wakawafumba macho na vinywa waliokufa, wakawabeba mabegani, wakawaosha na kuwavika, na baada ya muda mfupi wakafanyiwa hayohayo wao wenyewe, maana waliambukizwa. Anasema wapagani walifanya kinyume, wakiwasukumia mbali hata wapendwa wao. Huyu ni askofu anayewasifu watu wake, na tumsome hivyo. Lakini miaka 100 baadaye mfalme Juliani, aliyetaka kuirudisha ibada ya miungu ya zamani na hakuwa na sababu ya kuwapendelea Wakristo, alilalamika kwa kuhani wake wa Galatia kwamba kinachoieneza dini hiyo ni ukarimu kwa wageni na utunzaji wa makaburi ya wafu.

Anayezijua desturi zetu za msiba ataelewa upesi. Kuosha maiti, kukesha, kubeba jeneza, kumwaga udongo kwa mikono: haya tunayafanya tayari. Ufufuo unayapa sababu nyingine, na pengine unatugusa pale tusipopenda, kwa mfano tunapochagua ni msiba wa nani unaostahili kamati na wa nani unaoachiwa majirani wawili. Hauzuii machozi pia. Yesu alilia akielekea kaburi la Lazaro, naye ndiye aliyekuwa anakwenda kumwita atoke nje. Anayemwambia mfiwa "usilie, Mkristo halii" amejitungia injili yake.

Kuna Wakristo walioipeleka ibada yenyewe makaburini. Mwaka 1732, huko Herrnhut, Ujerumani, kikundi cha vijana wa Kimoravian, kanisa la Kiprotestanti, walipanda alfajiri ya Pasaka hadi makaburi ya kijiji chao kilimani, wakaimba jua likichomoza. Desturi hiyo ikasambaa na wamisionari wao, ambao walifika pia Rungwe, kusini mwa Tanzania ya leo, mwaka 1891. Katika makaburi ya jadi ya Wamoravian mawe yamelazwa ardhini, ya mtindo mmoja kwa tajiri na maskini. Hilo nalo ni mahubiri, hasa tunaposhindana kwa marumaru na vigae.

Na goti liliishia wapi? Waorthodoksi bado wanaishika desturi ya Nikea. Sharika zao za Kenya, Uganda na Tanzania ziko chini ya Upatriarki wa Aleksandria, mji uleule wa Dionisio, na kwa utaratibu wao hakuna kupiga magoti tangu Pasaka hadi Pentekoste. Sala za magotini hurudi rasmi jioni ya Pentekoste, nazo ni ndefu. Magharibi ilikwenda njia nyingine. Heshima kwa Ekaristi ilizidi kuonyeshwa kwa goti katika Zama za Kati, na leo Mkatoliki hupiga magoti wakati wa mageuzo, mkate na divai vinapowekwa wakfu, hata Jumapili ya Pasaka. Siyo kosa, anamsujudia aliyefufuka, kama wale wanawake. Wapentekoste, wanaoimba saa nzima wamesimama mikono juu, wanaifuata sheria ya 20 bila hata kuisikia, mpaka pale mchungaji anapoita watu mbele kwa toba.

Lakini hata kwa Wakatoliki kipande kimoja kimebaki. Kengele ya adhuhuri inapolia, karibu mwaka mzima, husaliwa sala ya Malaika wa Bwana. Kuanzia Pasaka hadi Pentekoste sala hiyo huwekwa kando na nafasi yake huchukuliwa na Malkia wa Mbingu, yenye aleluya zake, na kwa desturi husaliwa kwa kusimama, hata kama mtu yuko shambani, dukani au nyuma ya meza ya ofisi.