Usingizi wa mwanafunzi: maswali ya wazazi

Mtoto wa shule anatakiwa alale kwa muda gani?

Wataalamu wa tiba ya usingizi wanapendekeza jumla ya saa 9 hadi 12 kwa siku kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa wa miaka 13 hadi 18. Sasa piga hesabu kwa kurudi nyuma. Basi la shule likimpitia saa 11 alfajiri, maana yake ameamka saa 10 na nusu. Mtoto wa darasa la 3, ili apate walau hizo saa 9, awe ameshalala saa 1 na nusu usiku. Muda huo, Dar es Salaam, baba bado yuko kwenye foleni na wali haujapaliwa makaa.

Basi silipangi mimi. Nifanyeje?

Yapo yaliyo mikononi mwako. Mtoto ale mapema, hata kabla wakubwa hawajarudi. Kuoga, kupanga madaftari na kunyoosha sare viishe jioni, ili alfajiri abaki na kunawa uso na kunywa uji. Akirudi amechoka, alale nusu saa hadi saa nzima, lakini aamke kabla ya saa 11 jioni, la sivyo usiku atakodoa macho. Kusinzia kwenye kiti cha basi kunapunguza uchovu kidogo tu.

Na kwenye kikao cha wazazi, ombeni njia ya basi igeuzwe kila muhula, ili mtoto yuleyule asiwe wa kwanza kuchukuliwa mwaka mzima. Tunapotafuta shule tunauliza ada, ufaulu na chakula. Saa ya basi tunaijua tukishalipa.

Wangu yuko kidato cha 2. Hata umfokee, halali mapema. Ni ukaidi?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Balehe huisogeza mbele saa ya mwili. Melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, kwa kijana huchelewa kupanda, pengine kwa saa 2 ikilinganishwa na alipokuwa mdogo. Kumlaza saa 2 usiku ni kumlaza akiwa macho. Ndiyo maana mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri shule za vijana zisianze masomo kabla ya saa 2 na nusu asubuhi.

Simu huongeza tatizo. Mwanga wake unachangia, ila kinachomkesha zaidi ni kundi la darasa linaloendelea kuchati saa 5 usiku. Simu isiingie ndani ya chandarua. Akisema anaitumia kuamkia, mnunulie saa ya kengele. Sheria hiyo iwahusu na wazazi, maana kijana anakuona. Jumamosi mwache afidie saa moja au mbili. Akilala hadi adhuhuri, Jumapili usiku usingizi hautakuja.

Anakesha akisoma, miguu ndani ya beseni la maji baridi. Si bidii hiyo?

Ni bidii inayojila yenyewe. Ubongo hukaza kumbukumbu za mchana wakati wa usingizi, kwa hiyo anayekesha anasoma kisha anajinyima muda wa kuyahifadhi aliyosoma. Mabweni ya Kenya yana kanuni nzuri tangu 2015: mwanafunzi awe kitandani kuanzia saa 3 na nusu usiku hadi saa 12 asubuhi, yaani saa 8 na nusu. Kuifuata ni jambo jingine.

Kahawa, chai ya rangi na vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini, na nusu yake hubaki mwilini kwa takriban saa 5. Akinywa saa 2 usiku, hadi saa 7 bado nusu inamchangamsha.

Analala vya kutosha lakini darasani anasinzia.

Msikilize usiku. Mtoto anayekoroma karibu kila siku, anayepumua kwa mdomo au anayekatika pumzi kisha kushtuka, huenda ana mafindofindo au nyama za pua zilizokua. Apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo. Wengine hata hawasinzii: huwa watundu na wakali, wakachapwa bure.

Nitajuaje kwamba si usingizi tu?

Kijana aliyejitenga, aliyeacha kula vizuri, asiyefurahia alichokuwa akikipenda, na hali hiyo ikadumu wiki 2, aonwe na mtaalamu wa afya. Akitaja kutaka kufa, mpeleke siku hiyohiyo na usimwache peke yake. Mwingine halali kwa hofu ya mtu, nyumbani au shuleni. Muulize mkiwa wawili tu, na asipofunguka kwako, mpe namba 116, simu ya huduma kwa mtoto. Hupigwa bure Tanzania na Kenya, na mtoto anaweza kupiga mwenyewe.