"Inflammable" Haina Maana ya "Haishiki Moto"

Katika ukaguzi wa maduka ya rangi na vifaa vya ujenzi, pingamizi ni lile lile: kopo limeandikwa "inflammable", kwa nini liondolewe karibu na jiko? Liondolewe kwa sababu linashika moto, tena upesi. "Inflammable" na "flammable" ni kitu kimoja. Kisichoshika moto huandikwa "non-flammable", na hakuna tafsiri nyingine ya kubishania mlangoni.

Kinachopotosha ni "in" ya mwanzo. Aliyezoea "incorrect" na "incomplete" hudhani kila "in" inakanusha. Hii imetoka katika kitenzi cha Kilatini "inflammare", yaani kutia moto, na ndiyo iliyomo katika "inflammation" ya madaktari, yaani uvimbe wenye joto. "Flammable" ilizuka baadaye, karne ya 19, ikabaki bila watumiaji wengi hadi miaka ya 1920, NFPA, chama cha kinga ya moto cha Marekani, kilipohimiza itumike ili watu wasidanganyike. BSI, taasisi ya viwango ya Uingereza, ilifuata msimamo huo mwaka 1959. Hata hivyo neno la zamani bado lipo kwenye makopo mengi.

Kwa hiyo anzeni na alama. Katika mfumo wa lebo wa Umoja wa Mataifa, GHS, ni mraba uliosimama kwa ncha, mpaka mwekundu, ndani mwali mweusi. Mwali ukiwa juu ya duara, hiyo ni alama nyingine: kemikali inayochochea moto wa vitu vingine, isiwekwe rafu moja na tina (thinner), kimiminika cha kuyeyushia rangi. Kisha someni neno la tahadhari. Kwa vimiminika, "Danger" ni vile ambavyo mvuke wake huweza kuwaka hata chini ya nyuzi 23 za Selsiasi. "Warning" ni kuanzia 23 hadi 60. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Mafuta ya taa huanzia takriban 38. Stoo ya Dar es Salaam adhuhuri imeshapita 23.

Mvuke wa petroli na tina ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la chumba cha pili, kwa hiyo matundu ya hewa yawe chini pia, si karibu na dari peke yake. Anayepima tina kwenye chupa za maji ya kunywa aache kabisa. Chombo kipya kiwe na kifuniko kinachobana, na kinakiliwe jina la kemikali, alama, neno la tahadhari na maelezo ya hatari. Petroli ikiwaka, msimwagie maji: huelea juu yake na kusambaa. Tumieni mtungi wa povu au wa poda.