Kabla hajataja bei, mwache fundi wa vigae apige magoti

Simu huwa inaanza hivi: "Fundi, taili mita moja unaweka pesa ngapi?" Nauliza sakafu ikoje. "Ni sakafu tu ya kawaida." Yuko fundi atakayekutajia bei papo hapo, na huenda ikawa chini ya yangu. Lakini huyo hajaiona sakafu yako. Anachokuuzia ni kubandika, na kubandika ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Mtu wa mkono aliyekaa nami miezi 6 anabandika vizuri tu. Unachomlipia fundi hasa ni kile ambacho kikishafunikwa hutakiona tena mpaka siku kiharibike.

Hili sikufundishwa, lilinigharimu. Nikiwa bado mchanga mjengoni nilipewa sebule mtaani Donholm, Nairobi. Skridi, lile tabaka la saruji na mchanga linalosawazisha sakafu, ilikuwa na siku 5 tu, mama mwenye nyumba anataka kuhamia kabla ya Krismasi, nami nataka pesa. Nikaweka vigae vya sentimita 60 kwa 60 vikigusana kabisa, kutoka ukuta hadi ukuta, kwa sababu mama alisema mistari ya grauti, yaani unga unaoziba mishono ya vigae, inaharibu urembo. Miezi michache baadaye akanipigia usiku: "Fundi, kuna kitu kimelipuka huku sebuleni!" Nilipofika asubuhi nikakuta safu mbili zimenyanyuka, zimeegemeana kama paa.

Hakukuwa na mwizi wala jini. Skridi ya saruji hunywea kadiri inavyokauka, na hukauka kwa majuma, si kwa siku. Kigae hakinywei. Basi sakafu inajivuta chini yake, vigae vinabanana, na kama hakuna hata upenyo mmoja wa kupumulia, vinatafuta njia ya juu. Nilirudia kazi ile kwa pesa zangu. Tangu siku hiyo skridi mpya naipa siku 28, kati ya kigae na kigae naacha milimita 3, na kandokando ya ukuta naacha nafasi ya karibu milimita 8 ambayo skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, inakuja kuificha. Mteja akiniambia ana haraka, namwambia anunue zulia.

Kwa hiyo fundi akija kukagua, usimkaribishe chai kwanza. Mtazame. Je, amekuja na pima maji na ubao mnyoofu wa mita 2, au amekuja na simu tu? Anapiga magoti? Anagongagonga sakafu akisikiliza? Nyumba nyingi za zamani za Buruburu, Umoja na kwingineko Eastlands zilimaliziwa kwa niru, ile saruji laini inayong'aa. Niru ni nzuri kwa kupiga deki, ila kwa vigae ni adui, kwani haina mahali pa gundi kushika. Mwagia matone machache ya maji: yakinywewa, sakafu iko tayari, yakikaa juu kama umande kwenye jani la arrowroot, pana niru, rangi au mafuta, na lazima ichokolewe kwa tindo na nyundo. Kazi hiyo ina vumbi, ina kelele, na inalipiwa kivyake. Fundi asiyeitaja ama hajui, ama anajua na ameamua usijue.

Ukiwa upande wa Embakasi au kuelekea Syokimau, ambako udongo ni ule mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, mwonyeshe kila ufa ulioko sakafuni. Ufa wa zege hautibiwi kwa kigae. Msimu ukigeuka utatokeza juu palepale ulipokuwa.

Baada ya kupima usawa wa sakafu, pembe. Hapa Nairobi sijui kama nimeingia nyumba tatu zenye pembe nne za kweli. Fundi anayejua hupima mita 3 ukuta huu, mita 4 ukuta ule, kisha mshazari. Ukitoka mita 5 kamili, pembe iko sawa. Usipotoka, anavuta uzi na kuamua vipande vilivyokatwa viishie wapi: nyuma ya kochi, si mlangoni ambako kila mgeni anavua viatu. Anapanga vigae vikavu kwanza, bila gundi, ukaone. Ukimkuta anaanza kwenye kona tu na kusonga mbele, mwishoni utapata kijiukanda kinachopanuka kama kabari, na hakuna pazia la kukificha.

Sasa gundi, ambako ndiko wizi mdogomdogo hukaa. Gundi ya mfuko huchanganywa na maji tu. Wapo wanaoichanganya na saruji na mchanga ili iende mbali, kisha mfuko uliobaki unaondoka jioni. Wapo pia wa vibonge vitano: kimoja kila kona na kimoja katikati, kigae kinasukumwa, kinakaa. Chini yake ni hewa. Dondosha chupa ya soda na kigae kinapasuka. Gundi inapaswa kutandazwa kwa mwiko wenye meno, sakafu nzima, na kwa vigae vikubwa hata mgongoni mwa kigae. Njia ya kuhakikisha ni rahisi: kigae kikiwa ndiyo kimewekwa, mwombe akiinue. Mgongo wote uwe umeshika gundi. Akinuna, umepata jibu. Kesho yake pita na sarafu ya shilingi 20, gonga kila kigae. Chenye mlio wa debe tupu kitoke kabla grauti haijaingia. Kisha pitisha kitambulisho chako juu ya mishono. Kikikwama, kigae kimoja kiko juu ya mwenzake.

Watu huniuliza kama vigae vinalowekwa majini. Vya ukutani vya seramiki, ambavyo mgongo wake ni mwekundu au mweupe unaonywa maji, vililowekwa enzi za kubandika kwa udongo wa saruji, visije vikanyonya maji yake kabla haujashika. Kwa gundi ya kisasa huna haja, futa vumbi tu. Poseleni, ile aina nyingine ya kigae, hainywi maji karibu yoyote, chini ya asilimia 0.5, kwa hiyo kuiloweka ni kuiosha. Kwa sababu hiyohiyo poseleni haishiki vizuri kwa saruji tupu.

Bafuni nina ukali zaidi, hasa kwenye fleti. Grauti haizuii maji, wala kigae peke yake. Kinachozuia ni dawa inayopakwa chini, sakafuni na kupanda ukutani, kisha shimo la maji linazibwa, bafu linajazwa maji kidogo na kuachwa saa 24. Teremka umuulize jirani wa chini kama dari lake lina doa. Hapo tu ndipo vigae vianze, vikiteremka sentimita 1 au 2 kila mita kuelekea kwenye shimo. Na hakikisha tangi limejaa, maana siku za mgao wa maji zimenikuta na ndoo ya gundi inayokauka mkononi.

Karatasi? Cheti cha mtihani wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ni kitu kizuri, na NCA, mamlaka ya ujenzi, nayo huwatambua mafundi stadi. Viulizie. Lakini mimi ningeomba pia kuonyeshwa sakafu aliyoiweka miaka 2 iliyopita. Kazi ya juzi ya kila mtu inang'aa.

Kuhusu pesa niseme wazi. Fundi akikupeleka duka fulani Industrial Area, mara nyingi ana kamisheni yake pale. Nimewahi kuila. Nenda ununue mwenyewe, yeye akupe orodha. Hesabu yenyewe si siri: chumba cha mita 4 kwa 5 ni mita 20 za mraba, ongeza asilimia 10 ya vipande na vya kuvunjika, zinakuwa 22. Boksi la vigae vinne vya 60 kwa 60 ni mita 1.44, kwa hiyo maboksi 16. Ujira ulipe kwa hatua, kupitia M-Pesa ili kumbukumbu ibaki, na sehemu ya mwisho ibaki mpaka sarafu imepita. Skatingi na ngazi muelewane mapema kama zimo, kwa kuwa ndizo huleta ugomvi siku ya mwisho.

Dukani soma ubavu wa kila boksi: namba ya toleo na ya rangi zifanane zote, la sivyo sebule itakuwa na vivuli viwili. Boksi moja lihifadhi. Namba yake iandike kwa kalamu ndani ya mlango wa kabati la jikoni, kwa sababu boksi lenyewe panya watalitafuna.